Mzee Gusa Hapa na Ukuta wa Nyumba ya Tatu

Waombolezaji wenzetu, familia imenipa mimi, binti wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Gusa Hapa.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya mawe na chokaa ambayo leo wageni wa hifadhi wanaoneshwa kama Nyumba ya Tatu, na alikuwa na miaka tisa familia zote zilipohamishwa ng'ambo ya mto ili ardhi ile iwe hifadhi, zikabeba milango, zikaacha kuta.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, tarehe 2 Januari 1970 akaajiriwa na hifadhi kama kibarua wa kufyeka barabara, akapelekwa kozi ya miezi tisa, na mwaka 1981 akakabidhiwa usimamizi wa eneo la kihistoria, yaani akarudi kulinda nyumba alimozaliwa, safari hii akiwa na funguo, ingawa milango haikuwepo.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto wanne, na kaka yetu wa pili akatangulia mwaka 1978 kwa surua. Mama amekuwa akitania miaka yote kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni ukuta.

Tumekubaliana tusiuruke mwaka 1991, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuuruka. Eneo lilitakiwa kufunguliwa kwa wanafunzi na wageni Jumamosi tarehe 29 Juni, ukuta wa mashariki wa Nyumba ya Tatu ulikuwa umechubuka, chokaa ilihitaji wiki nyingi kuiva na kukauka, saruji ilihitaji siku mbili tu, na mwashi wa hifadhi, rafiki yake wa kufa na kuzikana aliyeitwa Kipimo, alimwambia: “Ndugu yangu, ukuta huu unapumua, tukiuziba utaoza ndani kwa ndani.” Baba akamjibu: “Wewe piga plasta, wageni wanakuja Jumamosi.”

Wageni walikuja, wakapiga picha, baba akapongezwa. Ijumaa tarehe 19 Aprili 1996, saa nne asubuhi, Kipimo akiwa ameinama kuchunguza ufa, ukuta ulimwangukia, akafa kabla machela haijafika, taarifa ya ofisi ikasema ni mvua, ubao wa maelezo ukaandikwa mvua, na mjane wake, aliyeketi hapa mbele yetu, akaambiwa mvua.

Tangu hapo baba alibandua kwa patasi saruji iliyobaki kwenye kuta nyingine, akabakiza kipande kimoja cha ukubwa wa mlango, na kila kundi la wanafunzi aliliambia liupe ubao kisogo, liweke kiganja kwenye chokaa, kisha kwenye saruji, gusa hapa, gusa na hapa, halafu akawaeleza nani alikufa na nani aliamuru. Aliandika barua saba ubao urekebishwe, akajibiwa mara mbili, mara ya mwisho kwamba ubao ni wa kuelimisha, si wa kutubia, naye akauliza mvua imemfundisha nani nini. Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, ubao ukiwa vilevile.

Februari 2022 kiharusi kilimpokonya sauti na mkono wa kulia, mtu aliyeishi kwa kusimulia akabaki kututazama midomo, figo zikafuata, na tarehe 8 Julai 2023, saa nane mchana, akafariki wodini, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani mliotupikia, wafanyakazi wenzake mliochimba kaburi, na wewe mkuu wa hifadhi, uliyekuja mwenyewe. Mkuu, baba aliandika maneno haya kwa mkono wa kushoto, siku nne nzima, akatuonesha kwa kidole kwamba, kama hayatawekwa kwenye ubao, yasomwe msibani kwake, mjane wa Kipimo akiwepo: “Ukuta huu ulizibwa kwa saruji mwaka 1991 kwa amri yangu. Kipimo, mwashi, alinikataza. Ulimuua yeye. Gusa hapa.”

Karatasi ninaiweka mikononi mwako. Baba, wageni wamesikia, pumzika sasa kwa amani.