Kuhesabu Hadi Kumi: Risala ya Walezi wa Watoto Kabla ya Utepe Kukatwa

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya watoto na vijana. Viongozi mlioongozana naye. Kaka yetu mwenye ukumbi. Wazazi, majirani, na ninyi watoto mlioketi kwenye mikeka hapo mbele:

UKARIBISHO

Sisi walezi wa kituo cha watoto wadogo kilicho nyuma ya ukumbi huu tunakusalimu na kukukaribisha kwa moyo mmoja. Kiti ulichokalia tumekiazima, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nacho. Vya kwetu ni vile vya nyuma walivyokalia wazazi, na wao wameshazoea kukaa nusu nusu.

Tuliombwa risala iwe fupi na iwe ya shukrani, kwa kuwa umekuja kuzindua ukumbi wa gemu uliokarabatiwa kwa ajili ya watoto wa mtaa huu. Tunashukuru. Rangi imekolea, feni zinazunguka, na mlango uliokuwa ukifungwa kwa kamba sasa una kitasa. Shukrani hizo zinatoka moyoni. Kwenye ufupi ndipo tunapoomba utuvumilie.

HISTORIA YETU

Kituo kilianza na walezi wawili na mkeka mmoja. Leo tuko sita, na watoto wanatushinda kwa mbali. Mama zao na baba zao wanashona kiwandani, wanafagia maofisi, wanauza sokoni. Wanatuletea watoto kabla jua halijachomoza, wengine wakiwa bado wamelala mgongoni. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Vyeti vya malezi hatuna. Tuna macho, na ni kwa ajili ya macho hayo tumekabidhiwa watoto.

Mwenye macho kuliko sisi wote ni yule ambaye watoto wanamwita Dada Taratibu. Wamemwita hivyo kwa sababu ndilo neno lake la kutwa: taratibu kwenye ngazi, taratibu na chai ya moto, taratibu na mwenzio. Hajawahi kupandisha sauti, na hajawahi kupitwa na kitu. Mtoto akificha jiwe mdomoni, yeye ataliona kwenye shavu. Ndiye huyo aliyesimama kulia kwako, mgeni rasmi, akiwa ameshika sinia lenye mkasi.

Kati ya kituo na ukumbi pana ua wa saruji. Pana kamba za kuanikia, mfereji wa maji machafu, na tangi lililowekwa juu ya jukwaa la matofali. Ua huo tunautumia pamoja na mwenye ukumbi, ambaye sisi tunamwita Kaka Waya, maana alihamia hapa akiwa fundi redio na waya zilikuwa zinamning'inia shingoni kama mkufu. Ni mtu mwema. Bomba letu likikauka anatupa maji. Mvua ikinyesha anawaingiza wadogo ndani wakaangalie wakubwa wanavyocheza. Tunayasema haya mapema ili yatakayofuata yasisikike kama ugomvi wa majirani.

MAFANIKIO

Hajawahi kupotea mtoto barabarani. Kuhara kumepungua tangu tulipoanza kuwanawisha kwa sabuni. Na tulikuwa na fanikio moja tulilojivunia kuliko yote: kila mtoto wa kituo chetu mwenye miaka minne alijua kuhesabu hadi kumi bila kuruka.

Tulijisifu nalo, tusikufiche. Mama mmoja alisema mwanawe mkubwa, wa shuleni kabisa, saba huwa anaikosa. Tukacheka naye, na wiki iliyofuata akatuletea wa pili. Sifa zote tukampa Dada Taratibu, kwa kuwa ndiye anayeketi na watoto kuhesabu vizibo vya soda. Yeye akatuambia, "Mimi nimewafikisha tano tu."

Tukadhani ni unyenyekevu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hesabu yetu ilitoka humu ukumbini.

Kuna gemu moja ya vita ambayo watoto wanaipenda kuliko ya mpira na kuliko ya magari. Unakuwa mwanajeshi. Unaingia nyumba hadi nyumba unapiga watu risasi, na wao wanakupiga. Ukipigwa unaanguka, kioo kinakuwa chekundu, na namba zinatokea katikati, moja hadi kumi. Ikifika kumi unainuka pale ulipoanzia, nguo safi, bunduki imejaa. Wakubwa walikuwa wanazitaja namba hizo kwa sauti, na wadogo wakaitikia dirishani.

Kasha la gemu hiyo limebandikwa namba kumi na nane. Kaka Waya alidhani ni hatua za kupita mpaka ushinde. Mmoja wetu alidhani ni idadi ya michezo iliyomo, akaona ni kitu cha faida. Hakuna aliyejua kuwa ni miaka ya anayeruhusiwa kuicheza.

Mchezo ukatoka nje ukaja uani. Vijiti vikawa bunduki.

"Umekufa!"

"Ni mkono tu, mkono haufi."

"Kwenye gemu unakufa. Lala chini."

Mwanzoni kila mtoto alipoanguka sisi tulikimbia. Siku moja Dada Taratibu alikimbia na mikono yake imejaa povu, akamnyanyua mtoto, na mtoto akamkasirikia vibaya. "Dada, umeniharibia. Nilikuwa nimeshafika nane." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tangu hapo tukaacha kukimbia. Somo la gemu ile tulilisoma sisi watu wazima, tena bila hata kuigusa.

Palikuwa na mtoto wa miaka sita. Mama yake ametukubalia tumtaje kwa jina la utani tu, nalo ni Kiroboto, kwa sababu hakuwa anatembea, alikuwa anaruka. Siku moja Dada Taratibu alikuwa anaanika mashuka. Watoto walikuwa vitani upande wa tangi, na Kiroboto alikuwa amepanda jukwaani, mahali ambapo wanajeshi wote hujificha na wote huonekana. Mwenzake akamlenga na kijiti. Kiroboto akatupa mikono juu akaanguka kinyumenyume, vizuri sana, kama wanavyoanguka kwenye kioo. Kisogo kikatangulia kwenye ukingo wa mfereji. Halikutoka hata tone la damu.

Watoto wakahesabu. Kumi ikafika, hakuinuka. Mmoja akasema anajidai, anataka afe peke yake siku nzima. Wakamhesabia tena. Mwishowe wakamtoa mchezoni kwa kosa la kuchelewa kurudi, wakaendelea na vita yao wakimruka.

Na Dada Taratibu alimwona. Hilo ndilo tunaloomba ulisikie vizuri. Kati ya shuka na shuka aliona miguu miwili, kiatu kimoja kimetoka. Akasikia hesabu, na hesabu ikamtuliza, maana kwetu ilikuwa imeshageuka kuwa sauti ya watoto walio salama. Akatabasamu, akabana kibanio, akaita:

"Kiroboto, umekufa vya kutosha. Njoo unawe."

Akamalizia kamba nzima. Alipokwenda kumnyanyua alikwenda akicheka, vidole vimeshajiandaa kumtekenya.

Hospitali daktari alisema pigo lilikuwa baya, na kwamba hawezi kuapa kuwa kuwahi kungesaidia, wala hawezi kuapa kuwa kusingesaidia. Kwa hiyo na sisi hatuapi. Mama mtu alifika na sare yake ya kiwandani, nyuzi zimemshika mabegani. Akamuuliza Dada Taratibu alikuwa wapi.

"Nilikuwa pale pale."

"Hukumwona?"

"Nilimwona, dada. Nilikuwa namwangalia."

Mama mtu alikaa chini kwenye sakafu ya ujia, na mfanyakazi wa usafi akamzunguka na ndoo yake.

Wapo wazazi waliotaka Dada Taratibu aondoke, na wapo waliowahamisha watoto wao. Hatuwalaumu. Sisi tulibaki naye kwa sababu kila mmoja wetu anajua kwamba angekuwa zamu siku ile, naye angebana kibanio.

Yeye mwenyewe hakulia mbele yetu. Baada ya mazishi alikwenda kwa Kaka Waya kabla ukumbi haujafunguliwa, akaomba afundishwe gemu ile. Alisema hataki kuihukumu kwa kusikia. Tukamfuata, tukasimama nyuma yake. Akashika pedi, kile kidude cha kubonyezea, kama mtu aliyeshika kifaranga. Akafa mara nyingi. Halafu akaanza kujua njia, akaua mmoja, akaua wa pili, na tukamwona anasogea mbele kwenye kiti. Baadaye alituambia kuwa aliona utamu wake, na kuwa mtu asimwambie mtoto kwamba hakuna utamu pale, maana mtoto atajua anadanganywa na hatamsikiliza tena.

Ndani ya gemu mwanajeshi mwenzake akaanguka kando ya mlango. Dada Taratibu akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile, akavimaliza vyote. Akamgeukia Kaka Waya.

"Cha kumnyanyua ni kipi?"

Kaka Waya alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwishia. Akasema hakuna, ukimkaribia utapigwa na wewe, muache tu atarudi mwenyewe. Dada Taratibu akaiweka pedi chini, taratibu, akamshukuru.

Mgeni rasmi, hatusemi kwamba gemu ndiyo iliyoua. Kilichoua ni ukingo wa saruji, na ukingo huo tumeshaufunika. Tumejadiliana sana sisi kwa sisi. Mwenzetu mmoja alikumbusha kuwa hata sisi tulicheza vita kwa vijiti, na ni kweli. Lakini vita yetu ilikuwa inavunjwa na kilio. Mtoto akilia kweli, bunduki zote zinaanguka na kila mtu anaanza kujitetea. Vita ya humu ndani haivunjwi na kitu. Aliyeanguka si kazi ya mtu, ni kazi ya namba. Mtu mzima anaweza akacheza hivyo akazima kioo akarudi kwake. Mtoto wa miaka sita hana pa kurudi, yeye anachokiona ndicho anachokwenda nacho uani. Na sisi tusiocheza tuliondoka nacho vilevile.

Sasa ukumbi umepata mashine mpya sita. Tumeziona juzi wakati wa kufagia. Zote sita zina gemu ile, na ukutani, kwa kimo cha watoto, amechorwa yule mwanajeshi. Kaka Waya alikwenda kuwaomba wafadhili waliokarabati ukumbi waitoe. Wakamwambia utafiti unaonyesha kuwa ndiyo watoto wanayoipenda. Ametuambia kwa mdomo wake kuwa mashine si zake tena, ila neno likitoka kwako ataitoa kabla utepe haujagusa chini.

MAOMBI

Tunaomba neno hilo.

Tunaomba gemu ya vita itolewe kwenye mashine hizi leo, kabla watoto hawa hawajaingia. Ile ya mpira ibaki, ya magari ibaki, hata ile ya kulima ambayo wanasema inachosha. Namba ya kwenye kasha iandikwe mlangoni kwa maneno, si kwa tarakimu tu, na pasimame mtu mzima wa kuisimamia. Mmoja wetu yuko tayari kila jioni, hataki malipo. Yule mwanajeshi wa ukutani apakwe rangi. Rangi iliyobaki tunayo.

Mgeni rasmi, umetuona tumempa Dada Taratibu sinia. Waandaaji walitafuta mtu mtulivu wa kulishika, nao hawakujua habari yake. Yeye alikubali. Alisema anataka asimame mahali ambapo ukinyoosha mkono uchukue mkasi, utamwona.

Jambo la mwisho si ombi, ila hatujui tulipeleke wapi. Kiroboto ameacha mdogo wake, wa miaka minne, yupo hapo kwenye mkeka wa kwanza, mwenye soksi za njano. Kila jioni kabla hajachukuliwa anakwenda kusimama chini ya tangi na kuhesabu. Mwanzoni alihesabu kumi. Wenzake wakamwambia labda kwa aliyekufa sana kumi haitoshi. Akaanza kuongeza, na kila anapokwama anamwendea Dada Taratibu amfundishe namba inayofuata, naye amekuwa akimfundisha, kwa kuwa ni mlezi na mtoto ameuliza. Leo asubuhi, tukiwa tunapanga viti hivi, akaja akamvuta kanga. Akasema, "Dada, nimefika thelathini na tisa. Inayofuata ni ngapi?"

Inayofuata sote tunaijua, ndiyo ya kumalizia msiba. Dada Taratibu haikumtoka mdomoni. Mtoto bado anasubiri jibu.

Mwenyezi Mungu akuongoze mkono wako leo, akutunzie walio nyumbani kwako, na kila mtoto utakayemkuta amelala chini, ajaalie awe amelala tu.

Ni sisi,
Walezi wa Kituo cha Watoto Wadogo, Nyuma ya Ukumbi