Mzigo Hupimwa Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, Bi. Loretta Kolarik, binti wa kaka wa marehemu, ameomba historia hii isomwe na mtu asiye wa damu yao, na sababu yake mtaisikia tukifika mahali pake.

Mzee Vernon Emil Kolarik alizaliwa tarehe 4 Februari 1941 hapa Sedlo, Iowa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Emil na Agnes Kolarik, akaanza shule ya parokia mwaka 1947 na kumaliza sekondari Mei 1959, ambako alicheza besiboli miaka minne bila kupiga hata mpira mmoja ukavuka uzio, jambo alilolitangaza mwenyewe kabla watu hawajamtangazia.

Septemba 1959 aliajiriwa kwenye maghala ya nafaka kando ya reli, na kuanzia 1964 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006 alikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori, kazi ambayo kwayo lori hupimwa likija na mahindi, na likapimwa tena likitoka tupu, kwani uzito wa kwanza peke yake, kama alivyozoea kusema, haujamwambia mtu kitu.

Alifunga ndoa na Bi. Darlene Zahradnik tarehe 15 Juni 1968, wakaishi miaka arobaini kwa masikilizano, ila katika mambo ya warushaji mpira, na kila msimu walikaa katika viti viwili vilevile nyuma ya kituo cha kwanza katika uwanja wetu. Bi. Darlene alifariki tarehe 19 Oktoba 2008, na mzee Vern hakumwachia mtu kiti cha mkewe, bali alikiwekea kofia, na mgeni aliyethubutu kuisogeza hakurudia.

Kuanzia 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio ya mji, na wengi wenu mnaijua sauti hiyo, iwe mliipenda au iliwakera. Tetesi za uhamisho alizidharau kwa maneno na kuzifuata kwa vitendo, maana hakuna aliyewahi kumpa habari ambayo hakuwa nayo tangu asubuhi. Alishikilia kwamba timu hujengwa kuanzia katikati ya uwanja, kwamba anayemuuza kijana wa kesho ili ashinde Agosti hii amekula mbegu, lakini pia kwamba kijana aliyezibiwa njia na mkubwa wake ni mahindi yanayoozea ghalani, na heri apelekwe penye nafasi. Waliobishana naye aliwaita watu wa kupima mara moja.

Aprili 2009, upweke ulipomzidi, alianza kuwapa makazi wachezaji wa timu yetu ya daraja la chini, kama familia nyingi za hapa zifanyavyo, na Aprili 2012 akampokea Eliezer Pichardo, mwenye miaka ishirini, kutoka Monte Plata, Jamhuri ya Dominika, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, akampa chumba cha cherehani cha Bi. Darlene. Mzee alijifunza kuunguza wali makusudi, kwa kuwa kijana alipenda ukoko kuliko wali wenyewe, na mezani walibishana kwa Kiingereza cha kuokoteza hadi kahawa ikapoa.

Julai 2013 zilivuma tetesi kwamba timu kubwa inayoimiliki yetu inamtaka mrushaji wa mkono wa kushoto, na kwamba Pichardo atatolewa kwa timu nyingine ili apatikane. Jumatatu tarehe 29, mtangazaji Duane Hruska alimuuliza hewani, "Vern, leo usitupige chenga. Ungekuwa wewe ndiye bosi, yule kijana wako ungemtoa?"

Mzee akajibu, "Ningemtoa leo, kabla ya chakula cha jioni."

Sababu alikuwa nayo, kwani timu kubwa ilikuwa imempa mlinzi mwingine wa nafasi hiyohiyo mkataba wa miaka sita, lakini kipindi kilikuwa kimekwisha, likaingia tangazo la mbolea, na Pichardo alikuwa amelisikia jibu hilo katika chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wenzake, nao wakacheka. Mzee Vern aliulizwa kama baba, akajibu kama shabiki.

Uhamisho ulitangazwa Jumatano tarehe 31, kijana akapewa saa mbili za kufungasha, mzee akamkunjia mashati, na alipoanza kueleza habari za ule mkataba, kijana akamkata, "Mzee, ulishasema. Mji mzima umesikia." Akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo mzee Vern hakupiga tena simu redioni. Pichardo alipandishwa kwenye timu kubwa ya huko alikopelekwa tarehe 9 Juni 2015, akacheza nafasi yake hadi Septemba 2022, ilhali yule wa mkataba wa miaka sita hakuiachia nafasi yake hata siku moja, na miaka yote hiyo hakuna aliyemtafuta mwenzake, mmoja kwa haya, mwingine kwa kiburi, na mwenye kiburi ndiye aliyekosa zaidi.

Mapafu yalianza kumsumbua mzee mwaka 2019 kwa sababu ya vumbi la nafaka, akalazwa tarehe 26 Februari 2024, na Jumatatu tarehe 11 Machi, saa nane mchana, akaaga dunia, akiwa na muuguzi tu kando yake. Bi. Loretta alipofungua nyumba alikuta kitanda cha chumba cha cherehani kimetandikwa shuka safi, na maboksi ya karatasi alizoandikia kwa mkono mwenendo wa kila mchezo aliocheza Pichardo, zaidi ya elfu moja. Alikuta pia historia hii, ambayo marehemu aliianza mwenyewe ili tusije tukamkosea tarehe, na penye watoto ameandika, "Mmoja. Aliondoka tarehe 31 Julai 2013, kwa ushauri wangu."

Huyo mmoja ndiye anayewasomea. Alifika juzi, akapika wali katika jiko lile, akaukwangua ukoko na kuula peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwondolea theluji mlangoni, wenzake wa mizani, na Duane, ambaye hakuacha kumpigia simu hata simu zake zilipokuwa hazipokelewi.

Mzee Vern, nilikupima mara moja tu, kwa hasira, nikaondoka na uzito usio sahihi. Leo nimekupima tena. Pumzika kwa amani, baba.