Nyutro ya Tano: Tunamuaga Mzee Zima wa Kitengo cha Umeme

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kadhaa za kutokaa kwenye kiti, fundi mkuu wa umeme wa chuo chetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye faili ana jina lake kamili. Kwa sisi wengine ni Mzee Zima, kwa sababu ukimwita kwa tatizo lolote, iwe soketi inayonuka au taa inayopepesa, jibu lake ni moja: "Zima kwanza, salamu baadaye."

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa kuwa nimekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili, na Jumatatu narithi meza yake. Nakiri mapema kwamba naandika roho ikiwa juujuu. Msomaji anivumilie.

Mzee aliajiriwa chuo kikiwa na majengo matatu. Leo yapo kumi na manne, na hakuna ukuta ambao hajaupapasa. Akipita kwenye korido hugusa kila soketi kwa mgongo wa mkono, kwa sababu soketi yenye joto ina waya uliolegea ndani, na waya uliolegea ndio moto wa kesho. Wageni wa chuo humwona kama anayezibariki kuta. Mabwenini amekamata ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni, juu yake pasi, birika na chaja sita. Aliwahi kukuta waya wa pasi uliounganishwa kwa plasta ya kidonda. Aliirudisha pasi ile ikiwa imetengenezwa, na kikaratasi: "Mgonjwa amepona. Asirudie."

Ripoti zake ni fupi. Mwaka ule ofisi za utawala zilipokaa gizani siku nzima, aliandika: "Chanzo: mjusi ndani ya boksi la fyuzi. Hali ya ofisi: nzuri. Hali ya mjusi: marehemu."

Sheria yake kubwa ni kwamba fyuzi ikishang'olewa, hukaa mfukoni mwa yule anayeshika waya, hata mkuu wa chuo akiitaka haipati. Kwa sheria hiyo aliwahi kupanda basi la likizo na fyuzi ya jikoni mfukoni. Wapishi walipikia kuni siku mbili na hadi leo hawajamsamehe.

Lakini wasifu wa vichekesho vitupu ungekuwa uongo, na yeye mwenyewe ameniambia nisithubutu.

Miaka miwili iliyopita nilipanda ngazi katika bweni la zamani kubadilisha taa ya chumba. Fyuzi ya vyumba ilikuwa mfukoni mwangu. Testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, haikuwaka. Nikafungua kiungo cha nyutro, na umeme ukanitupa. Godoro la mwanafunzi liliniokoa shingo, ila mkono ulivunjika.

Kwa wasio mafundi: umeme hufika kwenye taa kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Kila njia ya kwenda inapaswa kuwa na njia yake ya kurudi. Katika bweni lile taa za korido hazikuwa na njia yao ya kurudi, zilikuwa zimeazimishwa nyutro ya vyumba. Kwa hiyo nilizima vyumba, korido ikabaki inawaka, na nilipofungua kile kiungo umeme wake ukatafuta pa kupita ukanikuta mimi.

Tulimlaani fundi aliyefanya hivyo, kila mtu kwa maneno yake. Kwenye kikao cha wafanyakazi Mzee akasimama. Alisema fundi huyo ni yeye. Ilikuwa mwaka wake wa tatu kazini, wageni walikuwa wanakuja kuzindua bweni, waya ulikuwa umekwisha stoo, na korido ilitakiwa iwake. "Nilijiambia nitarudi kurekebisha wiki ijayo," alisema. "Wiki ijayo haikufika." Kisha akasema lililotunyima raha wote: anakumbuka alikata vipande vitano vya waya, yaani alifanya hivyo mahali patano, ila hakumbuki ni wapi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Bweni lina vyumba arobaini na viwili. Alifungua dari moja baada ya nyingine, akafuata kila waya, akauchora daftarini. Alipata nyutro ya kuazima ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikakataa kuonekana. Utawala ulimpa likizo ya kujiandaa kustaafu, akaikataa. Mkewe alinipigia simu: "Mwanangu, huyu mzee mtamrudisha lini? Taa ya baraza langu imekufa tangu mwaka juzi." Mganga hajigangi. Nilimjibu bado kuna nyutro moja, akakata simu bila kuaga.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Yeye akiondoka na ile ya tano ikabaki, atakayeikuta ni mimi, au mtu nitakayemtuma mimi.

Tumeipata Jumanne wiki hii, zikiwa zimebaki siku tatu. Ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya kabati la mashuka. Bweni zima lilikuwa limezimwa kwenye swichi kuu. Magoti yake hayapandi tena vizuri, kwa hiyo alishika ngazi, nikapanda mimi. Nilitenganisha zile nyaya, nikavutia korido nyutro yake yenyewe, nikakaza, nikapima.

Sasa, kwa miaka kumi na miwili Mzee hajawahi kuniruhusu kufunga boksi bila yeye kupanda na kupima upya, magoti yaume yasiume. Nikashuka nimpishe. Akaniuliza, "Umepima, binti?"

Nikasema nimepima.

"Una hakika?"

Nikasema ninayo.

Aliitazama ngazi muda mrefu. Kisha akaokota mkoba wake na kushuka ghorofani bila kugeuka. Nikapanda tena nikapima mara tatu, kwa sababu sasa hakuna wa kupima baada yangu.

Mzee, chuo kinakushukuru kwa kazi, na mimi nakushukuru kwa kusimama siku ile kikaoni. Wasiwasi ndiyo akili, na wako umetulaza salama miaka thelathini na minne. Uuache hapa mezani, ni wangu sasa. Wewe nenda kwa mama, uzeeke taratibu, ulale mpaka jua likuamshe.