Kipande cha Mahindi Langoni kwa Rebeka Munyiva Muthama

Mama yetu mpendwa alizaliwa mwaka 1921 huko Mbooni, Machakos. Alisoma hadi darasa la tatu, akaacha shule ili alee wadogo zake. Mwaka 1943 aliolewa na marehemu baba yetu, Muthama, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja huko Karen, Nairobi. Mwaka 1964 walinunua shamba hili la Riruta.

Mama alikuwa mkulima, na mboga zake ziliuzwa kwenye maduka ya Adams Arcade. Hakuwa na huruma kwa magugu wala kwa mtu aliyechelewa kuamka.

Kuanzia 1969, yeye na majirani walifanya majaribio ya mahindi pamoja na Bwana Navin, mtaalamu wa udongo. Mama ndiye aliyeuliza kama samadi peke yake ingetosha, bila mbolea ya dukani. Ili walinganishe, kipande kimoja kando ya lango kiliachwa bila kutiwa chochote. Mahindi yake yalikonda, yakawa manjano, na wapita njia wakatucheka.

Mwaka 1971 wageni walikuwa wanakuja kuleta posa yangu mimi, Kanini, ninayewasomea. Mama aliona haya, akakitia kipande kile mbolea ya dukani kwa siri. Wageni walikikuta kijani kibichi, wakamsifu sana. Lakini siku ya mavuno kililingana na kipande kilichotiwa samadi, na majirani wakasema samadi ni kazi bure, afadhali waiache. Mama akasimama mbele yao wote, macho chini.

"Ni mimi niliweka mbolea," akasema. "Niliogopa wakwe wataona njaa kwa geti yangu."

"Mama, makosa iko yangu pia," Bwana Navin akajibu. "Mimi nilichagua hapa kwa geti bila kuuliza wewe."

Walirudia jaribio lote. Samadi ilionyesha kazi yake, na majirani wanaitumia hadi leo. Bwana Navin alitaka kukihamishia kipande kile nyuma ya nyumba, Mama akakataa; kila msimu kikapandwa pale pale langoni bila kutiwa chochote, ili kila mtu aone tofauti.

Januari mwaka huu alianza kuugua figo. Watu walipoanza kuja kumjulia hali, sisi wanawe tuliona aibu, tukataka kukifyeka kipande kile cha langoni. Alitukataza akiwa kitandani: "Msikiguse. Mimi nilikigusa mara moja." Alifariki tarehe 19 Mei 1978.

Ameacha watoto watatu, Kanini, Nzembi na Mutuku, pamoja na wajukuu saba.

Mlipoingia mmeyaona yale mahindi ya manjano. Tumeona haya mbele yenu, wapendwa, lakini hatukuyagusa. Pumzika kwa amani, Mama.