Mtaje Mmoja

NOVATUS: Haloo? Ni nani? Hapa bomani Biharamulo.

KOLETA: Ni mimi, Koleta. Niko posta ya Ngara. Hujambo?

NOVATUS: Mama Melania! Sijambo. Wamenitoa kwenye foleni ya mgambo mbio mbio, nikadhani adui ameshaingia kwetu!

KOLETA: Hapana. Nimekuja kuomba neno lako kabla hujapanda lori.

NOVATUS: Sema upesi, tunaondoka. Na kama ni habari ya watoto, usijisumbue. Afande ameuliza tunaacha nani nyumbani wa kutunzwa, nimewataja wote wawili.

KOLETA: Wawili?

NOVATUS: Melania na Leonidasi. Nimewaweka chini ya Kwandu, mke wangu. Nikifa, yeye atapokea fedha zangu, awalee.

KOLETA: Kwandu hajawahi hata kuwaogesha! Tangu tuachane wanakula kwangu, wanalala kwangu –

NOVATUS: Wanakula kwako, lakini ni wangu! Ng'ombe nilitoa, wazee waliona!

KOLETA: Mtaje mmoja, Novatus.

NOVATUS: Nini? (Mkwaruzo.) Paza sauti!

KOLETA: Mtaje mmoja tu. Leonidasi.

NOVATUS: Ahaa! Mzee Nyandwi amekutuma! Baba yako anataka msichana abaki kwake Bukiriro, akiolewa ale mahari yeye. Thubutu! Mahari ya Melania –

KOLETA: Novatus, nyamaza, nakuomba –

NOVATUS: – nitakula mimi, baba yake!

KOLETA: Melania hayupo.

NOVATUS: Hayupo, ameenda wapi?

KOLETA: Novatus, mwanetu...

NOVATUS: Mama Melania. Mtoto ameenda wapi?

KOLETA: Surua. Amekufa alfajiri, hospitali ya hapa Ngara. Nilitafuta mtu wa kukuletea habari tangu alipozidiwa, lakini magari yote yamechukuliwa na vita.

(Waya unavuma.)

KOLETA: Haloo? Upo?

NOVATUS: Nipo... Aliniulizia?

KOLETA: Aliuliza kama wanajeshi wanapewa viatu. Nikamwambia wanapewa.

NOVATUS: Jamani. Jamani mwanangu.

KOLETA: Baba anakataa kumzika. Anasema mtoto wa ukoo mwingine hawezi kumweka kwenye migomba yake bila neno la baba yake mzazi. Na kwenu Kanazi hakuna mwanamume, wewe na ndugu zako wote mmeitwa vitani.

NOVATUS: Nisubiri. Nitamwomba afande, nije –

KOLETA: Atakuruhusu?

NOVATUS: (Honi ya lori.) Wananiita. Wameshapanda wote, Koleta.

KOLETA: Basi nipe neno. Nimemwacha amefunikwa kanga yangu, na jua linazidi kupanda.

NOVATUS: Mwambie mzee nampigia magoti. Amzike kwake. Ni mjukuu wake, amweke karibu na bibi yake.

KOLETA: Asante.

NOVATUS: Na Leonidasi nakwenda kumtaja upya. Chini yako. Si Kwandu, wewe.

KOLETA: Nenda salama, Novatus. Mungu akulinde.

NOVATUS: Koleta, usiwaache wamfukie kabla hujamwambia kwamba mimi –

(Laini imekatika.)

KOLETA: Haloo? Haloo! Novatus? ... Dada opereta, najua mnasikilizaga. Leo nafurahi kama umesikiliza. Baba hataniamini peke yangu. Twende ukanishuhudie, dada yangu. Amesema tumzike.