Aliyetumwa Akikosa

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ya jengo la ghorofa mbili. Matofali niliyapanga mimi, enzi hizo magoti yalipokuwa bado yananitii. Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, miezi mitano sasa, nikimaliza sala ya asubuhi nakuja kukaa hapa, maana nyumbani viti vimekuwa vingi mno. Pembeni yangu anakaa Profesa, fundi viatu, ambaye aliishia darasa la saba lakini hajawahi kukosa jibu. Upande wa pili anakaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Saa nne hushuka Injinia, binti wa ofisi ya juu anayeandika programu za kompyuta, anywe kahawa nasi. Siku hiyo alishuka macho mekundu.

— Saa nane wanaizima programu yangu, akasema. Kikombe alikishika tu, hakunywa.

Tuliijua ile programu. Kila asubuhi inawatumia wagonjwa mia nne wa kliniki ujumbe kwenye simu: siku yako ya dawa imekaribia, au ndiyo leo. Lakini wiki hiyo wagonjwa wawili walifika wamechelewa siku nne, mmoja amebebwa, na wote wawili wakaapa hawakupata ujumbe. Daftari la programu lilisema wote wametumiwa. Mganga mkuu alimpa Injinia hadi saa nane aseme kosa liko wapi. Akishindwa, muuguzi mmoja atarudi kuwapigia simu watu mia nne.

— Hebu tueleze kama unavyomweleza Breki, akasema Profesa, midomo imebana misumari.

— Ndani kuna msimamizi na vibarua wanane, akasema Injinia. Wenyewe tunawaita nyuzi. Msimamizi anachukua kazi, anampa kibarua aliye huru, halafu hamngoji. Anageukia kazi nyingine. Akisimama kumngoja kila mmoja, ujumbe wa asubuhi utafika jua likizama.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema Breki.

— Subira huvuta heri, akasema Profesa.

— Sasa tushike lipi? akauliza Breki.

— Yote mawili. Moja la asubuhi, jingine la jioni. Sikiliza, binti. Hao wanane wanagombea mlango mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanane!

— Hilo nililiwaza, mzee wangu. Nikaweka ufunguo. Anayeingia anaushika, akitoka anauachia.

— Basi wawili wamezuiana, akasema Breki. Yalinikuta mimi kwenye daraja jembamba. Lori langu huku, lori la mwenzangu kule, kila mmoja anangoja mwenzake arudi nyuma. Tulikaa pale siku nzima.

— Na nani alirudi nyuma?

— Alishuka abiria wangu akaenda kwa miguu. Mimi sikurudi.

— Ndiyo maana wakakuita Breki.

Injinia alitabasamu kidogo. Akasema kama vibarua wangezuiana, programu ingeganda, na haigandi. Kila siku inamaliza saa moja na robo na kutoa taarifa kwamba yote salama.

— Punguza vibarua, mwanangu, nikasema. Nilipokuwa najenga, kibarua mmoja niliyemwona kwa macho alikuwa bora kuliko wanane wa kusikia.

— Nilijaribu na mmoja, baba. Mgonjwa wa mwisho alipata ujumbe saa kumi na moja, dirisha la dawa limeshafungwa.

— Wamegoma hao! akasema Profesa. Wamegoma chinichini. Wanafanya kazi bila likizo, bila hata kikombe cha kahawa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? akauliza Breki.

— Imeingia kwa mlango wa nyuma. Endelea kunywa.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amefika, mgeni kwetu. Alimpa Profesa kiatu kimoja kilichoachia soli, akaketi mwisho wa ubao, mguu mtupu ameukanyagisha kwenye kipande cha boksi.

Breki akainama mbele, sauti ameishusha.

— Mimi nawaambieni. Mashine zina ujuzi wake. Labda inajua nani safari yake imefika. Mtu kama huyo, inaona ya nini kumwandikia?

Akasita. Profesa alimkazia macho, kisha wote wawili wakanitazama mimi.

— Nisamehe, mzee, akasema Breki. Ulimi hauna mfupa.

— Hakuna ubaya, nikasema. Ila mashine haijui hilo. Anajua Mmoja tu.

Muda wa binti ulikuwa unapita, na hao vibarua wake walinikumbusha jambo. Nikaona heri niseme mimi.

— Siku ya mwisho ya mke wangu tuligawana kazi kama hao vibarua. Binti yangu alifuata dawa. Mdogo wangu alipeleka vipimo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifuata damu, chupa mbili. Muuguzi akaniuliza, damu vipi? Nikamjibu, tayari, imeshafuatwa. Akaandika. Nikakaa nimemshika mke wangu mkono, nimetulia, namshukuru Mungu kwa kunipa ndugu. Binti akarudi. Mdogo wangu akarudi. Shemeji hakurudi. Kumbe damu aliikosa vituo vitatu, akaona haya kurudi mikono mitupu, akawa anazunguka mji. Na mimi nangoja. Muda wa kumtuma mwingine nilikuwa nao. Siku zetu ziko mikononi mwa Mola, simlaumu mtu. Lakini tangu mazishi, shemeji hajakanyaga kwangu.

Profesa alitema misumari kwenye kiganja.

— Samahani, akasema yule mama. Mimi mgeni, sijui yenu. Huyo shemeji, mlipomtuma, mlimwambia akikosa amwambie nani?

Nikaanza kuhesabu nilivyomtuma. Nilimwelekeza njia. Nilimwandikia kundi la damu kwenye karatasi. Nilimpa simu yangu, maana simu yake ilikuwa haina chaji. Hilo moja sikumwambia, wala mtu mwingine hakumwambia.

— Mama, rudia, akasema Injinia.

— Jamani, kama nimekosea...

— Hujakosea. Rudia.

Mama akarudia, polepole. Injinia akaweka kikombe chini.

— Daftari linaandika "imetumwa" pale msimamizi anapomkabidhi kibarua, akasema, kama anayejisemea. Si pale kibarua anapomaliza. Akikuta simu imezimwa, kibarua anaanguka na kosa lake mkononi, na hakuna anayelipokea. Linapotea hapohapo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika hivyo.

Akapanda ngazi mbilimbili. Profesa akarudi kwenye kiatu cha yule mama.

Saa saba kasoro robo alishuka na karatasi. Alisema sasa kila kibarua ana ahadi: akipata arudi kusema, akikosa arudi kusema. Msimamizi hasimami kumngoja, ila siku haifungwi mpaka majibu yote yamerudi. Alikuwa ameipitisha tena kazi ya asubuhi ile, na watu kumi na mmoja walionekana hawakupata ujumbe. Watatu kati yao siku yao ya dawa ilikuwa ileile, na simu zao hazipatikani.

— Na mganga mkuu anasemaje? nikauliza.

— Hajasema kama ataizima. Amesema kwanza hao watatu wapatikane, dirisha linafungwa saa kumi. Muuguzi hawezi kuacha wodi. Amenipa majina na mitaa.

— Lete huyo wa nyuma ya soko, akasema Breki. Vichochoro vile navijua.

Profesa akafunga kisanduku chake, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana, akachukua wa pili. Wa tatu alikaa mtaa mmoja na yule mama, naye akasema atamfuata, lakini gundi ya kiatu chake ilikuwa mbichi. Profesa akachomoa ndala za mteja aliyezisahau tangu mwaka jana.

— Vaa hizi. Zote za kushoto, lakini zinatembea.

Magoti yangu hayaendi mbali. Nikawasimamisha wote watatu kabla hawajaondoka.

— Ukimkuta, rudi hapa uniambie. Ukimkosa, rudi uniambie vilevile, tena upesi zaidi, na usione haya. Mimi sitoki hapa.

Wakatawanyika. Injinia akarudi juu. Nikabaki na ubao mtupu, midomo yangu inawaombea.

Baada ya nusu saa nilimwona Breki anatokea kwenye kona, peke yake, anakokota miguu. Alisimama mbele yangu bila kukaa.

— Nimemkosa, mzee. Mlango una kufuli.

— Ahsante kwa kurudi, nikamwambia. Kaa kidogo, unywe maji. Kisha uniambie ni jirani yake gani tumtume sasa amtafute.