Damu ya Dada

Mbele yangu kwenye basi, fundi cherehani, futi shingoni na barakoa usoni, alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyekaa naye. "Hospitali ya pili wamekataa kadi yangu ya kundi la damu! Kadi inasema kundi O, maabara yao inasema A."

"Si ulisema ulipandikizwa uboho, kwa ile saratani ya damu?"

"Ndiyo, wa dada yangu."

"Naye ni kundi gani?"

"A."

Muuguzi akapiga goti kofi; la fundi, si lake. "Basi uboho wake umeshika, kaka! Damu yako sasa anaitengeneza dada!"

Sisi wa nyuma tukaacha kujifanya hatusikii. Barakoa ya fundi ikaloa machozi. "Dada atanisimanga mpaka nizeeke," akasema, akicheka.

Basi liliposimama alishuka mbio. Muuguzi akampungia kadi aliyoisahau kitini.

"Itupe!"